Paa Linavuja: Namna ya Kuijua Bei ya Haki ya Fundi



Katika masomo yaliyopita tumezungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, mbolea na kupogoa chai. Mwezi huu tutazungumza juu ya nyumba unayolala, maana fedha nyingi za shamba hupotelea huko bila mwenyewe kujua. Mtu hufanya kazi mwaka mzima kwenye matope na umande, kisha kwa siku moja humkabidhi fundi mapato ya miezi sita kwa kazi ambayo haikustahili hata robo yake.

Mfano wetu unatoka Nyacheki, katika nchi ya Bobasi, Wilaya ya Kisii ya zamani, ambayo sasa ni Kaunti ya Kisii. Lakini somo ni la wakulima wote wa skimu za makazi, kama vile Nyansiongo na Isoge. Kijijini kama Nyacheki nyumba zimekaribiana, na fundi mdanganyifu hujulikana upesi. Katika skimu mashamba ni makubwa, majirani wako mbali, na mara nyingi fundi ni mgeni aliyefika kwa pikipiki. Mkulima wa skimu hana wa kumwuliza kwa urahisi, kwa hiyo yampasa kujua kupima na kuhesabu mwenyewe.

Mama Mmoja na Paa Lake

Tuchukue mfano wa mama mmoja mjane anayeishi karibu na soko la Nyacheki. Ana chai kidogo, ndizi, na ng'ombe mmoja. Nyumba yake ina urefu wa mita 6, kuta za matofali na paa la mabati lenye miteremko miwili. Mabati hayo yaliwekwa na marehemu mumewe zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Kama mjuavyo, nchi ya Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,500. Mvua za vuli zilipoanza, maji yalidondoka juu ya kitanda cha watoto. Mama akasogeza kitanda. Maji yakadondoka mahali pengine. Akaweka sufuria. Mwishowe akamwita fundi.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Wakulima wa chai wanajua maana yake. Huo ndio wakati wa bonasi, na kiasi kitakacholipwa kwa kila kilo hutangazwa hadharani. Basi fundi, muuza duka na mwenye kukopesha wote wanajua kwamba mkulima ana fedha. Wengine hupanga bei zao kwa kutazama bonasi, wala si kwa kutazama kazi.

Fundi alisimama uani, akatazama juu kwa dakika chache, akatikisa kichwa.

"Mama, paa hili limekwisha. Lote litoke, tuezeke upya. Shilingi 85,000."

"Elfu themanini na tano, mwanangu?"

"Nimekupunguzia, Mama. Na ukingoja hadi mwezi ujao mabati yatapanda."

Mama huyu alikuwa na bonasi ya kutosha kulipa, lakini fedha hizo ndizo zilizokuwa karo ya shule ya mwezi wa Januari. Angelipa paa, mtoto mmoja angebaki nyumbani. Hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Niandikie kwenye karatasi kila kitu na bei yake, kisha urudi Jumamosi."

Hilo lilikuwa neno la busara. Bei iliyotajwa kwa jumla haiwezi kupimwa na mtu yeyote. Bei iliyogawanywa sehemu sehemu inaweza kupimwa hata na mtoto wa darasa la sita.

Hatua ya Kwanza: Tafuta Tundu Kabla ya Kutafuta Bei

Maswali ni mawili, na watu wengi hukosea kwa kuanza na la pili. Swali la kwanza ni hili: Je, kazi hii inahitajika? La pili ni hili: Je, bei yake ni ya haki? Ukibishana juu ya bei ya kazi isiyohitajika, hata ukipunguziwa nusu umepoteza.

Chunguza paa lako hivi. Wakati wa adhuhuri, jua likiwa kali, ingia ndani, funga milango na madirisha, utazame juu. Kila tundu litaonyesha nukta ya mwanga. Tia alama ya mkaa ukutani chini ya kila nukta. Kumbuka kwamba maji hayadondoki sikuzote chini ya tundu lenyewe. Huingia juu, yakafuata ubao, kisha yakadondoka mbali. Kwa hiyo tafuta tundu upande wa juu wa mahali panapodondoka.

Kisha mtu mwangalifu apande ngazi atazame mambo matatu:

1. Misumari. Je, imelegea? Je, mpira ulio chini ya kofia ya msumari umeoza? Mara nyingi maji huingia hapo tu, na dawa yake ni msumari mpya.

2. Kutu. Kutu ya juu juu si kitu. Bonyeza bati kwa kidole gumba. Likibonyea na kutoboka, limekwisha. Mabati yaliyo juu ya jiko huoza kwanza kwa sababu ya moshi.

3. Mbao. Choma ubao kwa ncha ya kisu. Kisu kikiingia kama kwenye ndizi mbivu, ubao umeoza au umeliwa na mchwa.

Shemeji yake mama huyu alipanda juu ya paa. Aliona mabati manne yaliyooza upande wa jiko, mbao zilizooza chini yake kiasi cha futi 50, na misumari mingi iliyolegea. Mabati mengine yote yalikuwa mazima.

Lakini tuseme kweli pia kwa upande wa fundi. Kama mabati yako yametoboka kila upande, kuweka viraka ni kutupa fedha, na fundi anayekuambia uezeke upya anakupa shauri jema. Ndiyo sababu ya kuchunguza kwanza.

Hatua ya Pili: Pima na Uhesabu

Jumamosi fundi alirudi na karatasi iliyoandikwa hivi:

Mabati 30, kila moja shilingi 1,800: 54,000
Mbao: 9,000
Misumari: 4,000
Kazi: 18,000
Jumla: shilingi 85,000

Sasa mama angeweza kuhesabu. Paa lake, pamoja na ukingo unaotokeza nje ya kuta, lina urefu wa mita 7.2. Kila mteremko una mita 3 kutoka mgongo wa paa hadi ukingo wa chini, na bati la mita 3 linautosha.

Upana wa bati hauhesabiwi wote, kwa maana kila bati hulalia jirani yake kidogo. Pima bati dukani, utoe sehemu inayolaliwa. Tuseme linafunika sentimita 75. Gawanya mita 7.2 kwa mita 0.75, utapata 9.6, yaani mabati 10 kwa kila upande. Pande mbili ni mabati 20. Fundi akiongeza moja au mawili ya akiba, usimwite mwizi. Lakini mabati 30 kwa nyumba hii ni kumi ya ziada.

Kisha mama alikwenda kwenye maduka matatu ya vifaa, akauliza bei bila kusema anataka kununua. Hapa tunaweka bei za mfano tu. Wewe weka bei za duka lako. Kuezeka nyumba nzima upya kungekuwa hivi:

Mabati 20 kwa shilingi 1,500: 30,000
Mbao futi 200 kwa shilingi 30: 6,000
Misumari ya mabati kilo 8 kwa shilingi 250: 2,000
Kofia za mgongo wa paa 4 kwa shilingi 600: 2,400
Fundi siku 4 kwa shilingi 1,200: 4,800
Wasaidizi wawili siku 4 kwa shilingi 700: 5,600
Kubeba vifaa: 1,500
Jumla: shilingi 52,300

Tazama mambo mawili. Kwanza, bei ya fundi ilizidi kwa shilingi 32,700. Pili, katika karatasi ya fundi hamkuwa na kofia za mgongo wa paa wala gharama ya kubeba vifaa. Vitu hivyo vingeletwa baadaye, paa likiwa wazi na mawingu yakikusanyika, wakati mwenye nyumba hawezi kusema hapana. Kwa hiyo usitazame tu kilichozidi katika karatasi. Tazama pia kilichosahauliwa.

Na kazi iliyohitajika kweli ilikuwa hii:

Mabati 4 kwa shilingi 1,500: 6,000
Mbao futi 50 kwa shilingi 30: 1,500
Misumari kilo 3 kwa shilingi 250: 750
Fundi siku 2 kwa shilingi 1,200: 2,400
Msaidizi siku 2 kwa shilingi 700: 1,400
Kubeba vifaa: 500
Jumla: shilingi 12,550

Kati ya shilingi 85,000 na shilingi 12,550 mna karo ya shule, mbolea, na akiba ya mwaka.

Hatua ya Tatu: Linganisha Mafundi Watatu kwa Kazi Ileile

Usimwulize fundi mmoja tu. Ita watatu, kila mmoja kwa siku yake, uwape orodha ileile: mabati mangapi, ya geji gani, mbao futi ngapi. Ukimwuliza mmoja bei ya kuezeka upya na mwingine bei ya kutia viraka, hujalinganisha kitu.

Bei ikiwa chini mno, jihadhari pia. Rahisi huvunja upishi. Fundi mwenye bei ya chini mno huenda analeta mabati membamba. Geji ni kipimo cha unene, nayo huenda kinyume: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi. Mtu akikuahidi geji 28 na kukuletea geji 32, amekuibia hata kama idadi ni kamili. Soma maandishi yaliyopigwa juu ya bati lenyewe, utafute na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS.

Mwulize fundi akuonyeshe nyumba mbili alizoezeka, nawe uende uulize wenyewe kama zilivuja. Mwulize pia kama ana cheti cha majaribio ya ufundi. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, lakini chaonyesha kwamba kazi yake imepimwa.

Hatua ya Nne: Sema na Fundi kwa Heshima

Mama wa Nyacheki hakumtukana fundi. Alimkaribisha chai, akaweka karatasi mbili mezani, ya fundi na ya kwake.

"Fundi, mimi nimepima. Paa ni mabati ishirini, wala si thelathini. Na yaliyooza ni manne. Panda uangalie pamoja na shemeji."

Fundi akapanda. Aliposhuka alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, watu wa huku hunilipa nusu, na nusu nyingine naidai hadi mwaka unakwisha. Kwa hiyo nazidisha mapema."

Maneno hayo hayafanyi udanganyifu kuwa haki. Hata hivyo, wakulima wenzangu, yafaa tuyasikie. Baadhi ya mafundi huzidisha bei kwa sababu sisi tunachelewesha malipo, au tunapunguza bei kwa nguvu hata iwapo ni ya haki. Mkulima anayelipa siku ileile kazi inapokwisha hupata bei nzuri na kazi nzuri, kwa kuwa habari zake huenea miongoni mwa mafundi.

Walipatana kwa shilingi 12,550, vifaa vinunuliwe na mama mwenyewe.

Hatua ya Tano: Andika, na Ulipe kwa Kadiri ya Kazi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliopata mashamba ya skimu katika miaka ya 1960 wanakumbuka jinsi walivyotunza risiti za mkopo wa ardhi. Mtu asiyekuwa na risiti hakuwa na la kujibu. Tunza nyumba kwa desturi hiyohiyo.

Mapatano yawe na mambo haya: majina ya pande mbili na namba za vitambulisho, kazi itakayofanywa, vifaa na unene wake, bei, siku ya kuanza na ya kumaliza, namna ya kulipa, na muda ambao fundi atarudi kutengeneza bure kama paa litavuja. Wote watie sahihi mbele ya shahidi. Ukurasa mmoja wa daftari watosha.

Nunua vifaa mwenyewe ukiweza, udai risiti. Usitoe fedha zote mbele. Kama fundi anataka arbuni, yaani malipo ya kwanza, iwe kidogo, ya kuanzia tu. Lipa sehemu ya pili kazi ikifika katikati, na ya mwisho baada ya kukagua. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe, maana huo ndio risiti yako.

Wakati wa kukagua, angalia misumari imepigwa juu ya wimbi la bati, si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Kisha mwaga ndoo kadhaa za maji juu ya paa, mtu mwingine akiwa ndani anatazama. Usingoje mvua ikufanyie ukaguzi.

Bei Ikiongezeka Katikati ya Kazi

Fundi alipofungua mabati ya jiko aliona ubao mwingine wa futi 20 uliooza, ambao haukuonekana mwanzoni. Alimwita mama, akamwonyesha kabla ya kununua kitu. Nyongeza ilikuwa shilingi 600, na jumla ikawa 13,150. Waliandika nyongeza hiyo chini ya mapatano, wakatia sahihi tena. Hiyo ndiyo njia ya haki. Nyongeza huonyeshwa, huandikwa, kisha hufanywa. Nyongeza unayoambiwa baada ya kazi kwisha, usiikubali kwa urahisi.

Tena ujue kwamba sheria iko upande wako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata huduma bora na habari anazohitaji. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inasema kwamba mtu aliyekupa makadirio ya bei katika mapatano asikudai zaidi ya makadirio hayo kwa kupita sehemu ya kumi, yaani asilimia 10. Sheria hiyo pia inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mtu kwamba matengenezo fulani yanahitajika, na hali hayahitajiki.

Mkigombana, anzeni kwa wazee wa kijiji au kwa chifu. Ikishindikana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na imeagizwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Ulizia habari zake katika mahakama iliyo karibu nawe. Lakini huko utaulizwa karatasi. Asiye na maandishi atakuwa na maneno tu.

Mambo ya Kukumbuka

1. Usikubali bei siku ileile unayotajiwa. Anayekuharakisha ana sababu yake.

2. Usimwambie fundi una fedha kiasi gani, wala usimwite siku ya bonasi kama unaweza kumwita kabla. Wakati mzuri wa kukagua paa ni Januari na Februari, kabla ya mvua za masika. Wakati huo huna haraka, nawe waweza kuchagua.

3. Dai bei iliyogawanywa: vifaa, idadi, kazi, na kubeba.

4. Pima mwenyewe. Futi kamba ni ya bei ndogo, nayo hulipa gharama yake mara ya kwanza unapoitumia.

5. Ziba tundu dogo mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Fundi akimaliza vizuri, mlipe siku hiyohiyo.

Maswali ya Kujijaribu

1. Paa lina urefu wa mita 9, na bati moja linafunika sentimita 75. Je, yahitajika mabati mangapi kwa pande mbili, ikiwa bati moja lafika kutoka mgongo hadi ukingo? (Jibu: 24.)

2. Fundi mmoja anasema geji 30 kwa shilingi 1,500, na mwingine geji 32 kwa shilingi 1,350. Kwa nini huwezi kusema wa pili ni rahisi?

3. Mlipatana makadirio ya shilingi 20,000. Fundi amemaliza kazi ileile, anadai 25,000. Utamwambia nini?

Watu wawili au watatu wa skimu moja wakutane Jumapili alasiri, wayajibu maswali haya pamoja, kisha waende wakapime paa la mmoja wao. Mama wa Nyacheki amekirudisha kitanda cha watoto mahali pake, na mwezi wa Januari watoto wake wote walikwenda shule.